Usanisinuru: Jinsi Mimea Inavyotoa Hewa ya Oksijeni

Katika semina za utunzaji wa mazingira, na hata siku za kupanda miti parokiani, husikika mara nyingi maneno haya: miti ndiyo inayotupatia hewa tunayovuta. Usemi huu una ukweli, lakini wengi wetu huurudia bila kufahamu jambo lenyewe hutendeka namna gani. Ndiyo maana wapo wanaodhani kwamba jani huchuja hewa chafu na kuirudisha ikiwa safi, na wapo pia wanaoondoa maua chumbani mwa mgonjwa jioni kwa hofu kwamba yatamdhuru usiku. Makala hii inaeleza kwa ufupi oksijeni hutoka wapi, na kwa nini ni vema kulijua jambo hili kwa usahihi.

Maana ya usanisinuru

Usanisinuru ni kazi ambayo kwayo mmea wa kijani hujitengenezea chakula kwa nguvu ya nuru ya jua. Mmea huhitaji mambo matatu: maji yanayofyonzwa na mizizi kutoka ardhini; hewa ya kabonidayoksaidi inayoingia majanini kupitia vitundu vidogo mno viitwavyo stomata; na nuru inayonaswa na klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya majani. Mazao ya kazi hii ni sukari na oksijeni. Sukari ndiyo inayouhudumia mmea: kutoka kwayo hujengwa wanga wa muhogo, punje za mahindi na mbao za mti. Oksijeni ni ziada, na sehemu isiyotumiwa na mmea hutoka nje kupitia vitundu vile vile.

Oksijeni hutoka katika maji

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba mmea huivunja kabonidayoksaidi, ukabaki na kaboni na kuitoa oksijeni yake. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko California, Marekani, waliupa mmea mdogo wa majini maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, ili waweze kuitambua popote itakapokwenda. Oksijeni iliyotolewa na mmea ule ilikuwa na alama ya maji, wala si ya kabonidayoksaidi. Hivyo ikadhihirika kwamba kinachovunjwa kwa nguvu ya nuru ni maji. Molekuli mbili za maji zikivunjwa, hupatikana molekuli moja ya oksijeni. Nayo hidrojeni iliyomo katika maji hutumika kuigeuza kabonidayoksaidi kuwa sukari. Kwa hiyo mmea uliokosa maji hufunga vitundu vya majani yake, na kazi yote hupungua.

Walioanza kuchunguza

Mwaka 1771, nchini Uingereza, mchungaji wa Kiprotestanti Joseph Priestley aliweka tawi la mnanaa ndani ya chombo kilichofungwa ambamo mshumaa ulikuwa umewaka hadi kuzimika. Baada ya siku kadhaa aliona kwamba mshumaa unaweza kuwaka tena katika hewa ile. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu Mholanzi, alitoa kitabu kilichoonesha kwamba ni sehemu za kijani tu zinazofanya kazi hiyo, tena katika nuru ya jua. Aliyaweka majani ndani ya maji, akaona viputo vya hewa vikitoka juani na kukoma gizani.

Mchana na usiku

Mmea nao hupumua kama viumbe wengine, mchana na usiku, ukitumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Mchana, penye nuru ya kutosha, hutoa oksijeni nyingi kuliko inayotumia. Usiku hupumua tu. Hata hivyo, kiasi kinachotumiwa na ua moja chumbani ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha mtu mmoja aliyelala humo. Hakuna sababu ya kuyaogopa maua. Hatari ya kweli ni jiko la mkaa lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, iitwayo kabonimonoksaidi, ambayo huua watu usingizini. Hakuna mmea unaoweza kuiondoa hatari hiyo. Jiko litolewe nje kabla ya kulala.

Misitu, bahari na wajibu wetu

Oksijeni ni takribani asilimia 21 ya hewa yote. Hazina hiyo ilijengwa polepole tangu zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kwanza na viumbe vidogo vya majini. Hata leo, karibu nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani hutoka baharini. Papa Fransisko, katika Waraka wake wa “Laudato si’” wa mwaka 2015, aliitaja misitu ya Amazoni na ya bonde la Kongo kuwa mapafu ya dunia. Mfano huu hautaki kupimwa kwa oksijeni peke yake, maana msitu uliokomaa, pamoja na wadudu na vijidudu vinavyoozesha majani yake, hutumia karibu oksijeni yote unayoitoa. Ukikatwa na kuchomwa, hatutakosa pumzi kesho yake. Bali kaboni iliyohifadhiwa katika miti kwa miaka mingi hurudi angani na kuongeza joto la dunia, mvua hupungua, udongo huchukuliwa na maji, na chemchemi hukauka. Wanaoumia kwanza ni wakulima wadogo wanaotegemea mvua.

Basi tunapowafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu kupanda na kumwagilia miti, tuwaeleze sababu hizi kwa ukamilifu wake. Tawi la mmea wa majini ndani ya glasi ya maji, likiwekwa juani kisha kivulini, litawaonesha kwa macho yao viputo vile alivyoviona Ingenhousz.