Sarafu za Kale na Habari Zake

Leo twataka kuzungumza habari za kitu kidogo ambacho huenda kimo nyumbani mwenu, ndani ya kopo la kale au katika kisanduku cha bibi, nacho ni sarafu zisizotumika tena. Wako wadhanio kwamba hazifai kitu, na wako wadhanio kwamba kila sarafu ya kale ni utajiri. Wote wamekosa.

Kwanza yatupasa kujua sarafu ni ya nani, na ya mwaka gani. Tazama reale kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke, ambayo wazee wa pwani waliiita reale ya Shamu. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria. Imeandikwa mwaka 1780, ndio mwaka aliokufa. Lakini msidanganyike na mwaka huo, kwani reale hizi ziliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ile ile huko Vienna, na baadaye hata London na Bombay, maana wafanyi biashara wa Arabuni na Uhabeshi waliizoea hiyo. Uzito wake ni gramu 28, na sehemu 5 katika 6 ni fedha safi. Basi kwa kawaida bei yake ni bei ya fedha iliyomo, si bei ya umri.

Pili, iko pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Unguja, yenye picha ya mizani. Mwaka wake ni 1299, nao ni wa Hijra. Kuugeuza si kazi ngumu: ondoa sehemu 3 katika kila 100, yaani 39, zabaki 1260; kisha ongeza 622, utapata 1882. Pesa hizi zilipigwa nyingi mno. Kwa hiyo, ingawa zimepita miaka mia, bei yake ni ndogo, na mwanafunzi aweza kuanza nazo mkusanyo wake.

Tatu, ziko sarafu za Wajerumani. Pesa zao za mwaka 1890 hadi 1892 zina tai upande mmoja na maandiko ya Kiarabu upande wa pili, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 rupia iligawanywa kuwa hela 100, na neno hela halijatutoka vinywani mpaka leo. Tafuteni herufi ndogo: A maana yake Berlin, J maana yake Hamburg, na T maana yake Tabora.

Hiyo ya Tabora ina habari kubwa. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na fedha za kulipia askari na wapagazi zikapungua. Basi mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe kwa mashine za reli: hela 5 na hela 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo na mlima. Zile za dhahabu zilikuwa kama 16,000 tu, kwa hiyo bei yake ni kubwa, na za bandia ni nyingi. Za shaba zilikuwa nyingi, nazo hupatikana kwa bei nafuu.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Tulipokuwa wageni katika kazi ya ualimu, mwanafunzi mmoja alituletea hela 20 yenye herufi T. Ilikuwa nyeusi, nasi tukaisugua kwa ndimu na majivu ili darasa zima lione taji lake. Iling'aa kweli, lakini maandiko yakafifia. Bibi yake alipoiona alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, baba yangu alibeba mizigo ya vita, na hiki ndicho alichorudi nacho. Mbona mmekifuta?" Hatukuwa na jibu. Mnunuzi angalipunguza bei, lakini hasara ya bibi yule haikuwa na bei.

Basi shikeni haya. Msisugue sarafu. Ishikeni ukingoni, na kuihifadhi katika karatasi kavu, na kuandika juu yake ilitoka kwa nani. Kabla ya kuuza, ipimeni uzito na kuijaribu kwa sumaku; fedha, dhahabu na shaba havivutwi. Kisha ulizeni bei kwa watu wawili au watatu, wala msiipeleke kwa mfua fedha kuyeyushwa kabla ya kujua ni nini.

Bei ya sarafu hutokana na madini yake, uchache wake na uzima wake. Lakini habari ya aliyeifanyia kazi haiandikwi juu ya shaba. Waulizeni wazee wenu, wangali hai, mkaiandike.