Kibaha, Stockholm na Chuma cha Mapafuni

Kila nipitapo Kibaha kuelekea Morogoro, huutazama upande wa Tumbi na kukumbuka kwamba mradi wa pale ulianza mwaka 1963, kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, Sweden ikiwamo. Shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya viliwekwa pamoja, kwa hoja kwamba ujinga, umaskini na maradhi ni maadui wasiopigwa mmoja mmoja. Mwaka 1970 taifa likakabidhiwa mradi huo.

Mwaka huohuo Ulf von Euler wa Stockholm alipata Tuzo ya Nobel, kwa kazi nyingine kabisa. Mimi humkumbuka kwa ile ya 1946, yeye na Göran Liljestrand walipoonesha, kwa kuwapima paka, kwamba hewa yenye oksijeni haba hupandisha shinikizo katika mishipa ya mapafu. Mishipa ya kwingineko mwilini hutanuka ikikosa oksijeni. Ya mapafu hunywea. Kwa njia hiyo damu huepushwa na sehemu isiyopata hewa, kama ile iliyoshikwa na nimonia, ikapelekwa penye hewa. Lakini oksijeni ikiadimika mapafuni kote, mishipa hunywea kote, na upande wa kulia wa moyo ndio ubebao mzigo.

Chuma kinaingiaje? Vimeng'enya vinavyoijulisha seli kwamba oksijeni ipo havifanyi kazi bila chuma. Kikipungua, seli hujiendesha kana kwamba hewa imepungua. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford na wenzao walichapisha matokeo kutoka Cerro de Pasco, Peru, mita 4,340 juu ya usawa wa bahari: wanaume wakaao pwani walipopandishwa huko na kutiwa chuma mshipani, karibu asilimia 40 ya ongezeko la shinikizo la mapafu iliondoka.

Mtumishi wa umma ataniuliza: Kisarawe kuna mlima gani? Vilima vya Pugu havimkati mtu pumzi. Kuna malaria, minyoo, mimba za kufuatana na nimonia za watoto. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Shangazi yangu wa Maneromango huita hali hiyo kuishiwa damu, na tiba yake ni rozela na vidonge vya kliniki.

Hata hivyo, sisemi vidonge vimwagwe. Kisiwani Pemba, watoto wadogo waliopewa chuma pamoja na foliki asidi walikuwa katika hatari ya kufa au kulazwa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Utoaji huo wa chuma ulisitishwa 2003, na matokeo yakachapishwa 2006. Tangu hapo, penye malaria, chuma hushauriwa kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Akiba ya chuma huisha kabla himoglobini haijashuka. Anayepimwa himoglobini pekee huambiwa ni mzima, ilhali mapafu yake yamekwisha kuanza kukihitaji. Wanafunzi wangu wa utawala nawasihi waombe kuiona bajeti ya vipimo ya wilaya zao, kisha waulize kipimo cha feritini kimo katika fungu lipi.