Mtungi wa Uttaramerur

Kuhani mkongwe kuliko wote anasimama katikati ya ukumbi na kunyanyua mtungi ili kila mtu auone. Makuhani wengine wa kijiji wameketi, na wakazi, wakubwa kwa wadogo, wamejaa. Anaitwa mtoto asiyejua kilichomo. Anatumbukiza mkono na kutoa kifurushi cha vipande vya jani la mvumo, kila kipande na jina la mtu wa mtaa mmoja. Vipande vinamiminwa katika mtungi mwingine mtupu, vinatikiswa, na mtoto anachomoa kimoja. Msuluhishi anakipokea kiganjani, vidole vyote vitano vimekunjuliwa. Analisoma jina, kisha makuhani wote nao wanalisoma. Mtaa umepata mjumbe.

Mwaka ni 921, na mahali ni Uttaramerur, kusini mwa India, katika jimbo ambalo leo ni Tamil Nadu, kilomita zipatazo 90 kutoka Chennai. Utaratibu huo haukuachwa kwenye kumbukumbu za wazee. Ulichongwa kwa Kitamil kwenye kuta za hekalu la Vaikuntha Perumal, ambako baraza la kijiji lilikuwa likikutana, na maandishi hayo yanasomeka hadi leo.

Kijiji chenyewe kilikuwa zawadi. Kwenye miaka ya 750 hivi, Nandivarman wa Pili, mfalme wa ukoo wa Pallava, aliwapa Mabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, ardhi hiyo waishi, wasome Veda, maandiko yao matakatifu, na kuihudumia miungu. Mahekalu yakajengwa, ya Vishnu na ya Shiva, na likachimbwa bwawa kubwa la kumwagilia mpunga. Pallava walipoanguka, ukoo wa Chola ukatwaa nchi. Baada ya vita vya Takkolam, mwaka 949, ikawa zamu ya mfalme Krishna wa Tatu wa ukoo wa Rashtrakuta, naye akaacha maandishi yake palepale. Tawala zilipokezana, na kila aliyeingia alikuta ukuta wenye nafasi ya kuchonga.

Hekalu lilikuwa pia benki, mahakama, masijala na mwajiri. Mfano mzuri ni taa. Katika nchi ya Chola, aliyetaka taa iwake daima mbele ya mungu hakuleta mafuta. Alileta kondoo, mara nyingi 90 kwa taa moja. Mchungaji alikabidhiwa kundi kwa sharti la kupeleka kipimo cha samli kila siku, na kondoo hao waliitwa wasiokufa wala kuzeeka, kwa kuwa anayekufa alifidiwa na anayezaliwa. Mtoaji alikufa, mjukuu wa mchungaji akachunga, na taa ikaendelea kuwaka.

Penye mali hapakosi mkono mrefu, na nadhani hicho ndicho kilichouzaa ule mtungi. Mitaa ilikuwa 30, na kila mtaa ulitoa mtu mmoja: 12 kamati ya mwaka, 12 kamati ya bustani, sita kamati ya bwawa. Walitumikia siku 360, bila malipo. Kanuni za kwanza, za mwaka 919, zilirekebishwa baada ya miaka miwili tu. Umri uliokuwa kati ya miaka 30 na 60 ukasogezwa kuwa kati ya 35 na 70. Aliyewahi kushika kamati asitoe hesabu alifungiwa mlango, yeye na ndugu zake, na wachongaji wakaorodhesha ndugu hao hadi watoto wa mama wadogo na wakubwa. Anayetunga orodha ya namna hiyo ameshaumwa na nyoka.

Siku hizi wanasiasa wa India huitaja Uttaramerur kama shina la demokrasia yao. Waziri Mkuu Narendra Modi aliitaja mwaka 2020 alipoweka jiwe la msingi la bunge jipya. Sifa hiyo naipokea nusu. Jina halikuingia mtungini bila shamba linalolipiwa kodi, nyumba juu ya kiwanja chako mwenyewe na elimu ya maandiko matakatifu. Wanawake hawakuwemo, wala waliolima mpunga uliowalisha wajumbe. Kilichokuwapo ni kundi dogo la wenye nacho lililojijua vyema, likaamua kutoaminiana hadharani.

Katika mji huohuo, hekalu la Sundaravarada Perumal limepangwa ghorofa tatu, na Vishnu yumo katika kila moja: chini amesimama, katikati ameketi, juu amelala. Muumini humfuata kwa ngazi. Ibada hufuata mapokeo ya Vaikhanasa, ambamo ukuhani hurithiwa kwa kuzaliwa. Katika ibada za namna hiyo mungu hutunzwa kama mgeni wa heshima: huamshwa, huogeshwa, huvikwa, hupakwa sandali, hupewa chakula, na usiku hulazwa. Muumini hutiliwa kiganjani maji yenye majani ya tulasi, ndugu wa mrehani wetu, akayanywa. Kisha kuhani humgusisha kichwani kofia ya metali yenye alama za nyayo za Vishnu, naye huinama kidogo.

Kule Vaikuntha Perumal, chini ya ulinzi wa idara ya mambo ya kale, ukumbi umetulia. Mgeni hupita akifuata mistari ya Kitamil cha kale kwa kidole, mpaka afike wanapotajwa watoto wa mama wadogo.