Uhuru wa Mzee Hamdani

Nimeisoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, nikiwa hapa Bangale, kaskazini mwa Tana River. Wengi humkumbuka Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la babake. Mimi nimebaki na Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alikuwa mtumwa, bibi yake alipotaka kumpa uhuru, akaukataa. Hoja yake ni kwamba huwezi kumpa mtu kitu ambacho hakijawahi kuwa chako.

Huku petu hadithi hiyo ina wenyewe. Nusu ya pili ya karne ya 19, Waorma walishindwa vitani na Wasomali, na wengi wakachukuliwa mateka mashariki ya mto. Waliishi huko vizazi kadhaa, wakaoa, wakaolewa, lugha ikabadilika. Baadaye wajukuu wao, Wawardei, walivuka tena Tana na mifugo yao, wakizungumza Kisomali.

Je, walikuwa wanarudi au wanahamia? Ukiuliza hivyo kijiweni, jua unauliza pia nani anyweshe ng'ombe wapi, na nani apewe kura.

Gurnah mwenyewe aliondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akapata Nobel. Hadithi zake hazimpi mtu cheti cha asili. Nami naona, kama Mzee Hamdani, kwamba mjukuu wa mateka hahitaji ruhusa ya yeyote ili awe na babu.