Kolo: Mwamba Ambao Bado Una Wenyewe

Kaskazini ya mji wa Kondoa, Tanzania, juu ya kijiji cha Kolo, kuna majabali yaliyoinama yakaweka vivuli. Kwenye kuta zake wamesimama watu wekundu, warefu, wembamba kama fito. Hawana macho wala midomo, lakini nywele na mapambo ya vichwani yamechorwa kwa uangalifu mkubwa. Karibu nao wamo twiga, tembo na pofu.

Mwaka 1951 wanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi huku, naye Mary akanakili takriban michoro 1,600. Kuna kundi moja la watu watano lililomshughulisha sana: wa katikati ameshikwa mikono, wawili upande huu, wawili upande ule. Yeye aliona mwanamke anayetekwa. Watafiti waliokuja baadaye wakaona ngoma ya uganga, mchezaji amepandwa na mashetani na wenzake wanamshikilia asianguke. Mimi naegemea hawa wa pili, kwa sababu Wasandawe, wanaoishi magharibi ya hapo na ambao mababu zao walikuwa wawindaji, wamekuwa na ngoma yao ya simbo, ambamo mchezaji hugeuka simba ili kupambana na wachawi. Tukiisoma hivyo, michoro hii inatueleza zaidi ya nyama iliyowindwa. Inatuonyesha watu waliokuwa na maradhi, hofu na waganga wao, waliokusanyika kumponya mtu au kuilinda jamaa.

Umri wa michoro hii hauwezi kutajwa kwa mwaka mmoja, maana mwamba uleule umechorwa vizazi kwa vizazi. Wakulima waliofika baadaye walipaka michoro yao myeupe, mara nyingi juu ya ile myekundu. Ila ardhi ya chini ina kumbukumbu ndefu zaidi: katika pango la Kisese, wilaya hiyohiyo, wachimbaji walikuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni na udongo mwekundu wa rangi, katika tabaka zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 40,000.

UNESCO iliyaingiza maeneo haya kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini Warangi, wenyeji wa hapa, hawakuhitaji cheti ili wajue thamani ya Mungomi, mojawapo ya mapango ya Kolo. Wazee huenda huko kutambika, kuomba mvua na kuombea wagonjwa, na pombe ya tambiko hurushwa mwambani. Wahifadhi huumia, kwa kuwa pombe huharibu rangi. Naielewa hofu yao. Hata hivyo, sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 ilitungwa kulinda vitu, nayo ibada inayoendelea haikupewa nafasi. Kuwafungia wazee mlango ni kuuondolea mwamba sababu ambayo huenda ndiyo iliyoufanya uchorwe. Wakae meza moja, wakubaliane pombe imwagwe wapi.

Adui wa kweli ni sururu. Kuna watu wanaoamini kwamba Wajerumani wa enzi za ukoloni walifukia mali mapangoni, basi huja kuchimba usiku. Mali hawapati. Wanachokivuruga ni majivu, mifupa, shanga na vipande vya rangi vilivyolala kwa mpangilio wake, na mpangilio huo ukishachanganywa hakuna mtaalamu atakayeweza kuusoma tena. Kolo inahitaji walinzi wa kutosha, waajiriwe kutoka vijiji vya hapohapo.