Uwanja wa Mkunazini

Leo twataka kuwachukua mpaka Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, mahali tulipofika na ndugu kadhaa kutoka usharika wetu wa hapa Riruta.

Uwanja ule ulikuwa soko la watumwa. Watu waliotekwa bara, wengine kutoka pande za Ziwa Nyasa, walitembezwa kwa miguu hadi pwani, wakavushwa kwa majahazi, wakasimamishwa pale. Mnunuzi aliwatazama meno na misuli kama atazamavyo mtu ng'ombe mnadani. Mwezi wa Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika kutoka Uingereza kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara hiyo. Sultani alikataa. Ndipo Waingereza walipotishia kukizingira kisiwa kwa manowari, na tarehe 5 Juni mwaka ule ule, mbele ya Balozi John Kirk, mkataba ukatiwa sahihi. Soko likafungwa.

Wamisioni wa Kianglikana walipata kiwanja hicho, na sehemu yake ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi, 1873, jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere, yule aliyejitaabisha kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Wenyeji husimulia kwamba altare ile imesimama pale pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Msalaba mmoja umechongwa kwa mti wa Chitambo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa. Nje kuna sanamu tano shimoni, zenye minyororo shingoni, zilizotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998.

Tuliposimama pale tulimshukuru Mungu, nasi tulidhani hadithi imekwisha. Lakini sivyo. Mkataba wa 1873 ulifunga soko, lakini haukumweka huru mtumwa aliyekuwa tayari shambani au nyumbani. Watu waliendelea kuuzwa kwa siri. Amri ya kuondoa utumwa Unguja haikutoka hata mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya, mwaka 1907. Tena amri ile ya 1897 iliwaacha nje masuria, yaani wanawake waliokuwa chini ya bwana ndani ya nyumba. Hao walingoja hadi mwaka 1909. Uwanja wa hadharani ulisafishwa kwanza. Chumba cha ndani kilisafishwa mwisho.

Wapendwa, neno hilo lilitupiga. Huku Riruta tulikuwa tumemwacha msichana wetu wa kazi akitunza nyumba. Mshahara wake wa miezi miwili tulikuwa hatujamlipa. Kila alipouliza tulimwambia, "Ngoja kidogo, mwanangu, mambo ni magumu." Lakini nauli ya kwenda Unguja tuliipata. Tulikuwa tumesafiri mbali kuulilia utumwa wa watu wa kale, na nyuma yetu yupo mtu anayefanya kazi bila ujira, tena tunamwita mwana wa nyumbani!

Mtume Paulo alimwandikia Filemoni habari za Onesimo. Hakumwandikia habari za soko la Roma, bali za mtu mmoja katika nyumba moja, akimsihi ampokee kama ndugu. Injili huanzia hapo.

Tuliporudi tulimlipa yote, tukamwomba msamaha. Alizihesabu fedha kimya, kisha akasema, "Asante, Baba. Sasa nitampelekea mama." Kumbe kule kwao mama alikuwa amengoja miezi miwili pamoja naye, nasi hatukuwahi hata kumuuliza.

Basi, msikilizaji, kabla hujawalaumu waliouza watu Mkunazini, ingia nyumbani mwako. Yule afuaye nguo zako, yule alindaye lango lako usiku, je, amelipwa? Ana pa kulala? Wamjua jina lake lote?

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuweka huru kwa damu yako, uisafishe nyumba yetu hata chumba cha ndani. Amina.