"Mimi" wa Kubuni: Habari ya Hadithi Zijifanyazo Kumbukumbu za Maisha

Katika desturi za Waswahili, mwenye kutamba hadithi hamdanganyi mtu. Kabla hajaanza husema "Paukwa," nao wasikilizaji huitikia "Pakawa"; au huita "Hadithi!" wakamjibu "Hadithi njoo." Wako hata waukaribishao uongo wenyewe kwa jina lake, uje upesi na utamu wake. Maneno hayo ni kama kizingiti cha mlango. Aliyeitikia amekwisha kukubali kwamba huko ndani sungura atasema, jini ataoa, na maskini ataamka sultani, wala hatadai shahidi. Tena mtambaji hasemi kwamba yeye ndiye aliyeyaona. Husema "Palikuwa na mtu," kisha huendelea: akaenda, akafika, akaona.

Habari ni jambo jingine. Mleta habari husema: nalikwenda, nikafika, nikaona, na asemaye hivyo huulizwa mara moja: Ulikuwa na nani? Ilikuwa mwezi gani? Nani mwingine aliyeona? Kwa ulimi, tofauti ya hadithi na habari ni silabi moja tu, *a-* na *ni-*. Kwa desturi, ni tofauti kubwa sana, kwa maana mwenye kusema *ni-* amejitia katika kiti cha shahidi.

Katika makala haya twataka kueleza aina ya vitabu iliyoiondoa "Paukwa" mlangoni, ikampa hadithi nguo ya habari. Yaani vitabu ambavyo mtu asiyepata kuishi duniani huandika kumbukumbu za maisha yake. Twataka kuonyesha zilianzaje, zilifikaje katika Kiswahili, na deni gani humpata mtungaji akopaye kiti cha shahidi.

Kwanza tukumbuke ya kwamba Kiswahili kilikuwa na "mimi" wa kweli katika maandiko kabla ya kupata "mimi" wa kubuni. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayapiga chapa Berlin miaka ya 1902 na 1903. Mwaka 1901 Carl Velten alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha safari za Waswahili, na ndani yake Selim bin Abakari aeleza jinsi alivyosafiri mpaka Urusi na Siberia. Katika maandiko ya namna hii msomaji haombwi kusadiki. Husadiki kwa sababu ya mambo madogo: jina la mwenzi wa safari, bei ya pembe, deni lililobaki kwa Mhindi, baridi iliyomshangaza mtu wa pwani. Shahidi wa kweli hutaja mambo yasiyomletea sifa yo yote, kwa kuwa yalikuwapo tu.

Huko Uingereza mtu mmoja alitambua kwamba alama hizo za ushahidi zaweza kuigwa. Mtu huyo ni Daniel Defoe, mwandishi wa magazeti, aliyekaribia miaka 60 alipotoa kitabu cha Robinson Crusoe mwaka 1719. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba maisha hayo yameandikwa na Crusoe mwenyewe. Jina la Defoe halikuwapo. Alikuwako baharia wa kweli, Alexander Selkirk, Mskoti, aliyekaa peke yake katika kisiwa cha Juan Fernández zaidi ya miaka minne, tangu 1704 hata 1709. Defoe alimwumba mtu mwingine, akampa kisiwa kingine karibu na mdomo wa mto Orinoco, akamweka huko miaka 28, akamfanya ahesabu misumari, baruti na punje za shayiri. Ni hesabu hizo ziletazo imani. Hata hivyo hesabu zilimponyoka mwenyewe: Crusoe asema alitupwa pwani tarehe 30 Septemba 1659, akaondoka tarehe 19 Desemba 1686, baada ya miaka 28, miezi miwili na siku 19. Msomaji akitoa, atapata miaka 27. Hadithi ya kutamba haina kosa la namna hii, kwa sababu "hapo kale" haina tarehe. Mwenye kujifanya shahidi ndiye ahukumiwaye kwa kalenda.

Sasa twafika katika vitabu viwili ambavyo wasomaji wengi wa Kiswahili walivijua shuleni. Mwaka 1881 Mskoti Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wa mkewe, na kutokana na ramani ile akatunga kisa kilichotoka kwa kitabu mwaka 1883. Msimulizi ni Jim Hawkins, aliyekuwa mtoto wa nyumba ya wageni. Mwanzoni kabisa Jim asema kwamba wakubwa wake wamemtaka aandike yote, ila asitaje mahali kisiwa kilipo, kwa kuwa mali nyingine ingali huko. Tazama akili ya mtungaji: kisiwa hakipo, lakini kufichwa kwake kwatufanya tuamini kwamba kipo.

Kitabu hicho kilisifiwa sana. Siku moja Henry Rider Haggard, mwanasheria kijana wa Kiingereza, alikuwa akizungumza na nduguye, akasema kwamba haoni ajabu kubwa ndani yake. Nduguye akamjibu kwamba angependa kumwona yeye akiandika kitu kizuri hata nusu ya kile, wakawekeana dau dogo la shilingi. Haggard akakaa kitako, au tuseme akasimama, maana aliandika amesimama mbele ya meza ndefu, jioni baada ya kazi. Kwa maelezo yake mwenyewe kazi ile ilimchukua kama majuma sita. Kampuni ya Cassell, iliyokuwa imetoa kitabu cha Stevenson, ilimpa achague: paundi 100 kwa mara moja, au fungu katika kila nakala iuzwayo. Alikuwa tayari kuzichukua zile 100, na karani mmoja ofisini akamnong'oneza achague fungu. Akamsikiliza, na kitabu kilipotoka Septemba 1885 kikanunuliwa kwa maelfu.

Jambo la kuangalia ni njia aliyoichagua mtu aliyetiwa katika mashindano na mwenye muda mfupi. Alichagua kumbukumbu za maisha. Allan Quatermain, mwinda ndovu wa Durban, mwenye miaka 55, aandika kwa sababu mguu wamwuma, mguu uliotafunwa na simba, naye hana kazi nyingine. Tena ataka mwanawe Harry, anayejifunza uganga London, apate kitu cha kumchangamsha. Aomba radhi kwa uandishi wake, kwa kuwa mkono wake umezoea bunduki kuliko kalamu. Radhi hii ni hila njema sana. Kila udhaifu wa maneno utokao katika kazi ya upesi wageuka kuwa ushuhuda wa kweli: fundi wa maneno tungemtilia shaka, mwinda ndovu twamsadiki. Haggard alikuwa na akiba ya kutosha, maana alifika Natal mwaka 1875 akiwa na miaka 19, akakaa Afrika ya Kusini miaka kadhaa. Aliyajua magari ya ng'ombe na masimulizi ya kambini.

Lakini "mimi" ni kamba vile vile. Asemaye *ni-* hawezi kueleza asipokuwapo. Stevenson alipomtoa Jim melini, hakuwa na mtu wa kueleza mambo ya melini, akalazimika kumpa Daktari Livesey sura tatu asimulie yeye, kisha akamrudishia Jim kalamu. Tena asimuliaye yaliyopita ni lazima awe amepona, na kwa hiyo hofu ya kifo chake hupungua. Haggard naye alinaswa na mbingu. Katika chapa ya kwanza mashujaa wake waliwatisha watu kwa kupatwa kwa jua, hali usiku uliotangulia kulikuwa na mwezi mpevu. Na kila ajuaye mwendo wa mwezi ajua kwamba jua hupatwa mwezi unapoandama tu. Katika chapa za baadaye akaligeuza kuwa kupatwa kwa mwezi.

Makosa ya hesabu na ya nyota hurekebishwa. Lipo jambo zito zaidi, na ndilo lililotufanya tuandike. Shahidi wa kubuni akishasadikiwa katika habari ya mguu wake na bunduki yake, husadikiwa pia katika asemalo juu ya nchi na watu. Quatermain aonyesha barabara kuu na masanamu makubwa katikati ya Afrika, na kuyahesabu kuwa kazi ya wageni wa kale. Haggard hakuyaanzisha mawazo hayo. Wareno walikwisha kuvumisha habari za dhahabu ya Sulemani, na Mjerumani Karl Mauch, alipofika magofu ya Zimbabwe mwaka 1871, aliyahusisha na Malkia wa Sheba. Ila uvumi, ukitiwa katika kinywa cha mzee mnyofu asemaye "naliona kwa macho yangu," hupata nguvu ambayo uvumi mtupu hauna. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba Zimbabwe akasema kwamba majengo yale ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba tena akathibitisha hivyo hivyo. Walakini hadithi ilikuwa imewatangulia wachimbaji kwa miaka mingi, na wengi waliendelea kumsadiki mwinda ndovu ambaye hakuzaliwa.

Mwaka huo huo wa 1929 kitabu cha Haggard kilitoka kwa Kiswahili, *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, na cha Stevenson kikatoka kwa jina la *Kisiwa chenye Hazina*. Mfasiri alikuwa Frederick Johnson, aliyekuwa baadaye katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. *Safari za Gulliver* zikafuata, nazo ni kumbukumbu za tabibu wa meli asiyepata kuwako. Basi vitabu hivi vya kwanza vya riwaya vilivyosomwa na watoto wa shule vilisimuliwa na "mimi" wa kubuni. Lugha ilipata faida: ilionyesha kwamba nyuzi za *nika-*, *nika-* zaweza kubeba kitabu kizima bila kuchosha. Lakini mtoto wa Tanga au wa Tabora aliyesoma "mimi" wa Quatermain aliingia katika macho ya Mzungu, akawaona Waafrika wa kitabuni kuwa "wao." Silabi moja ilimhamisha upande wa pili wa kambi.

Jibu halikukawia sana. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alitoa *Uhuru wa Watumwa*, akisimulia mateso ya watu waliouzwa na wakaja kukaa Frere Town, karibu na Mombasa, kwa habari zilizotoka kwa baba yake. Wako wakiitao kitabu hiki historia, na wako wakiitao riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Mabishano hayo yenyewe yaonyesha kwamba kimesimama juu ya kizingiti tulichokitaja. Mwaka 1949 Shaaban Robert alitoa *Maisha Yangu*, yaliyo maisha yake kweli. Na mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akampa kalamu Kazimoto, kijana msomi wa kubuni, katika *Kichwamaji*. Hapo "mimi" wa kubuni alikuwa amekwisha kupata uraia: Kazimoto atazama kijiji chake, wazazi wake na elimu yake kutoka ndani, wala hahitaji ramani ya hazina.

Mashindano ya kuandika upesi hayakwisha na dau la Haggard. Mwaka 1999 huko California watu 21 walianza desturi ya kuandika riwaya ya maneno 50,000 katika mwezi mmoja, na baadaye ikawavuta watu wa nchi nyingi. Shirika lililoisimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba lafungwa, lakini watu hawakuacha kujiwekea sharti hilo. Ni maneno 1,667 kila siku, na kwa mwendo huo kumbukumbu za kubuni ni msaada mkubwa, maana anayekumbuka ana ruhusa ya kurukaruka, kusahau, na kurudi nyuma. Defoe angeshinda bila jasho: katika mwaka 1722 peke yake alitoa vitabu vitatu vya namna hii, kimoja cha mwanamke mwizi, kimoja cha mtu aliyeona tauni ya London, na kimoja cha Kanali Jack.

Kwa hiyo hatuwashauri vijana waiache njia hii. Twawashauri waijue bei yake. Mtungaji amchague msimulizi ambaye ajua kazi yake, ardhi yake na lugha ya nyumbani kwake. Aandike pembeni tarehe ya kuzaliwa kwake, na umri wake katika kila jambo, asije akapoteza mwaka kama Crusoe. Ajiulize katika kila ukurasa: huyu alikuwapo? Kama hakuwapo, nani alimwambia? Na zaidi ya yote, amruhusu msimulizi wake akosee juu ya nafsi yake, walakini asimpe ruhusa ya kuwashuhudia uongo watu wa kweli na nchi ya kweli. Mtambaji wa zamani alisema "Paukwa," akawa huru. Aliyeiacha "Paukwa" amekula kiapo, hata kama mwenye kukila ni mtu wa karatasi, na wasomaji wana haki ya kumdai.